Darajani pasipo daraja, Michenzani pasipo michenza: kila mtaa na uwe na jumuiya yake ya historia

Mjukuu wa Ng'ambo (mleta uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja, wa Pemba na mlioko nje.

Wiki iliyopita nilipanda daladala na mpwa wangu wa darasa la tano. Tumekwama kwenye foleni Darajani, mtoto akaniuliza: "Mjomba, daraja lenyewe liko wapi?" Nikamwambia hapa palikuwa na hori la bahari, likiingia kutokea Funguni na kuutenga Mji Mkongwe na upande wetu. Watu wakivuka kwa daraja, na sisi tuliokaa ng'ambo ya maji ndio tukaitwa watu wa Ng'ambo. Baadaye hori likafukiwa, daraja likaondoka, jina likabaki. Dereva akageuza shingo. "Wallahi mimi mzaliwa wa Mlandege, na leo ndiyo kwanza nasikia." Mtu mzima yule, kanizidi umri.

Sikumshangaa. Miaka minne iliyopita na mimi nilikuwa vivyo hivyo. Nilijua Seyyid Barghash alijenga Beit el-Ajaib mwaka 1883. Nilijua vita vya 1896 na Waingereza havikufika hata saa moja. Hayo tulisomeshwa skuli. Lakini mtaa niliotahiriwa, nikacheza gololi, nikaolea, sikuweza kuusimulia hata kwa dakika tano.

Kikundi chetu kilianza kwenye khitma. Tumemaliza kusoma, sinia za pilau zimeondolewa, wazee wawili wakaanza kubishana kisima cha mtaa kilikuwa upande gani wa msikiti kabla hakijafukiwa. Mmoja anasema kibla, mwengine anasema nyuma. Wa tatu akadakia: "Si mumuulize…" Akanyamaza hapo hapo. Aliyetaka aulizwe ndiye tuliyekuwa tunamsomea. Ukumbi mzima ulikaa kimya. Jioni ile tulibaki watu sita barazani, tukakubaliana kila Jumamosi baada ya alasiri tukutane, na kila mara tuwe na mzee mmoja wa kumsikiliza. Sasa tupo kumi na tisa.

Nataka niwaeleze faida niliyoiona kwa macho yangu, maana wengi wakisikia "jumuiya ya historia" wanafikiri ni kazi ya maprofesa au ni mambo ya wageni wa hotelini.

Nianze na kile kisima. Tulikaa na wazee wanne, kila mmoja kwa siku yake, tukamwambia atuchoree mtaa kwenye karatasi kubwa ya manila: msikiti, maduka, miti, njia za kupitia, visima. Ramani tatu kati ya nne zilikiweka kisima sehemu moja, nyuma ya msikiti, chini ya kiwanja ambacho sasa kina uzio wa mabati. Mwaka uliofuata mwenye kiwanja akaleta mafundi wachimbe msingi wa nyumba ya ghorofa. Tukaenda kwa sheha na karatasi yetu, sheha akaenda na sisi kwa mwenyewe. Yule bwana mwanzo alikasirika, alidhani tunamtafutia sababu. Akakubali mafundi watoboe kwa nondo ile pembe tuliyomwonyesha. Nondo ilizama kama inaingia kwenye unga. Akasogeza nguzo zake. Hivi sasa yeye ndiye anayetuletea kahawa na kashata kila mwisho wa mwezi.

La pili ni wazee wenyewe. Kuna mzee mmoja, kuli wa zamani bandarini, tangu afiwe na mkewe alikuwa hatoki chumbani. Watoto wake wanamtunza, chakula anacho, dawa anazo. Mtu wa kumuuliza kitu hakuwa naye. Mara ya kwanza tulimfuata ndani, akatujibu neno moja moja. Siku ya tatu alitoka mwenyewe, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua kichwani, bakora mkononi, akakaa barazani nusu saa kabla yetu. Binti yake aliniambia siku za Jumamosi baba anaamka mapema na kuomba maji ya kunyolea. Alitusimulia namna magunia ya karafuu yalivyokuwa yakipandishwa melini, nyimbo walizoitikiana ili wabebe kwa pamoja, na jinsi mtu alivyonuka karafuu hata baada ya kukoga. Nyimbo tatu tumezirekodi kwa simu, kwa sauti yake.

La tatu ni karatasi. Bibi mmoja alifungua kasha lake, akatoa kanga iliyokunjwa, ndani ya kanga mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko risiti za babu yake za miaka ya 1920, kodi ya kiwanja. Hajui kusoma. Lakini kila risiti aliijua ni ipi, kwa doa lake na kwa pembe iliyochanika, kwa sababu mama yake alimwambia: hizi usizitupe, hizi babu yako aliziumia. Ng'ambo wakati ule nyumba ilikuwa yako, uliijenga kwa udongo na boriti zako, ila ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwengine, unamlipa. Kodi zikapandishwa hata watu wakachoka, na mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma kulipa. Mgomo huu wasomi wameuandika, lakini mtaani kwetu hakuna aliyekuwa akiujua mpaka bibi alipofungua lile kasha. Mjukuu wake, kijana wa bodaboda, alizisoma zote kwa sauti mbele yetu. Alipofika kwenye jina la babu wa bibi yake alisita, akalisoma mara mbili.

Haya hutayakuta kirahisi kwengine. Nyaraka za Taifa pale Kilimani ni hazina, nazipenda na nahimiza kila mtu aende. Lakini karatasi nyingi za zamani mule ziliandikwa na wenye kutawala, na Ng'ambo imo kama walivyoitazama wao kutoka upande wa pili wa daraja.

Mkumbuke tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit el-Ajaib ilipoporomoka ikiwa kwenye matengenezo, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Tulilia sote, na ilistahiki. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Ila fikirieni pia nyumba za udongo zilizovunjwa kupisha yale majumba marefu ya Michenzani, miaka ya 1970, kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Familia ngapi, baraza ngapi, na michenza yenyewe iliyoupa mtaa jina? Sisemi majumba yalikuwa mabaya. Mama yangu mdogo alipata fleti pale, akapata maji ya bomba na umeme, hadi leo anashukuru. Nasema tungeandika kwanza nani alikuwa akikaa wapi.

Karibuni tuzungumze. Nitaeleza pia tunavyofanya kazi, kwa anayetaka kuanzisha kwao.

Mchambua Karafuu (Wete)

Mleta uzi Mungu akuzidishie. Umenigusa pabaya.

Mimi nimekulia Wete, Mtambwe Mkuu tunaiona hivi upande wa pili wa maji. Nilishafika umri wa kuoa ndipo niliposikia kwamba mwaka 1984 pale zilifukuliwa sarafu ndogo ndogo za fedha zaidi ya 2,000 na dinari kadhaa za dhahabu, za watu waliofanya biashara pale karibu miaka elfu iliyopita. Elfu moja, yakhe! Na mimi nimepita pale mara ngapi naenda kutega dema.

Bibi yangu alikuwa na masimulizi ya Mkama Ndume wa Pujini, yule mtawala mkali aliyewabebesha watu mawe huku wakijiburura kwa makalio, na kisima cha wake wawili kilichotiwa ukuta katikati wasionane. Kila mtu Pemba anaijua hadithi hii. Lakini bibi alikuwa na vipande ambavyo sijavisikia kwa mtu mwengine, na mimi sikuvishika. Nakumbuka sauti yake tu na mkono wake ukichambua karafuu, vitumba huku, makonyo kule, haangalii chini hata kidogo.

Swali langu: Chake tunayo Makumbusho ya Pemba, ndani ya ngome kongwe. Hii jumuiya ya mtaa itafanya nini ambacho makumbusho hayafanyi?

Mjukuu wa Ng'ambo

Ahsante kaka wa Wete. Makumbusho yanahifadhi vitu na yanazungumza na kila mgeni anayeingia. Nani alipanda shamba la mikarafuu la ukoo wenu, kwa nini nusu ya mashamba yanaitwa kwa majina ya watu ambao hawana kizazi tena kisiwani, nani alikuwa mpishi mashuhuri wa harusi, hayo hakuna kabati la kioo litakaloyabeba.

Tazama mfano mmoja. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Hilo limeandikwa. Sasa nenda kaulize kila ukoo: nyinyi mlikuja shamba hili lini, mkitokea wapi, mlikuwa wenye shamba au wachumaji? Mkikusanya majibu ya kijiji kimoja tu mtakuwa na kitu ambacho hakuna mtu duniani anacho. Na rekodini maneno: makonyo, pishi, kuanika kwenye majamvi, mvua ikija namna watu wanavyokimbilia kukunja. Vijana wengi siku hizi wanajua bei ya karafuu tu.

Mkaazi wa Kikwajuni

Mimi nasema kweli naogopa. Historia ya nchi hii ni kidonda. Mkikaa barazani mkaanza "fulani alikuwa nani kabla ya Mapinduzi", haipiti wiki mmeshagombana, na mwengine atasema nyinyi ni chama fulani kwa mlango wa nyuma. Mambo mengine yaacheni yalale.

Mjukuu wa Ng'ambo

Ndugu yangu wa Kikwajuni, hofu yako ni ya kweli na sisi tuliiona mwezi wa pili tu. Mzee mmoja alianza kusimulia Januari 1964 alivyoiona yeye, mwenzake aliyekaa naye mkeka mmoja akasimama. Nilidhani ndiyo mwisho wetu.

Aliyetuokoa ni maalim mmoja mstaafu. Alisema, kwenye daftari msiandike "ilikuwa hivi". Andikeni "fulani amesema", na siku, na mahali, na wakati huo alikuwa na umri gani. Kisha yule aliyesimama apewe Jumamosi yake, aseme yake, hakuna wa kumkatiza. Akapewa. Alizungumza mpaka magharibi, na yule wa kwanza alikuja akakaa mwisho wa baraza, akasikiliza hadi mwisho. Hawakukubaliana mpaka leo. Lakini wanasalimiana, na mmoja alipolazwa mwengine alimpelekea uji.

Tumeweka na masharti. Hatuleti kadi ya chama wala fulana ya chama. Msimulizi ana haki ya kusema "hili mlifunge mpaka nife", na linafungwa: rekodi mbili za namna hiyo ziko kwa mtu mmoja tunayemwamini sote, sijazisikiliza na sitazisikiliza. Na hatuandiki jambo la kumvunjia mtu heshima yake ya nyumbani, hata kama ni kweli.

Kulala hayalali, kaka. Yanasemwa kila siku kwa kunong'ona, na mtoto anayasikia nusu nusu. Ya barazani angalau mtu anayasema mbele ya jirani yake.

Binti Ukili

Mleta uzi, nimesoma maelezo yako yote vizuri. Mzee, mzee, mzee. Barazani hawakai wanawake. Bibi mmoja tu umemtaja, naye mmempata kwa sababu ya kasha. Mama zetu je?

Mjukuu wa Ng'ambo

Umesema haki, dada, na kosa hilo lilitugharimu mwaka mzima. Mke wangu ndiye aliyeniambia: mnaandika historia ya nusu ya mtaa.

Sasa wapo dada watano katika kikundi, na wao hawaendi barazani. Wanaingia uani saa za alasiri, na mkeka wao na ukili wao, wanasuka pamoja na kina bibi, simu imewekwa juu ya kibao cha mbuzi inarekodi. Walichokileta kimetuzidi sisi. Majina ya kanga na mwaka iliotoka, na kwa hivyo miaka ya mambo mengine. Nani alikuwa mkunga wa mtaa, alizalisha kina nani. Miaka ya foleni, mchele ulivyogawiwa, bibi gani alipika sufuria moja akalisha nyumba tatu. Bibi mmoja alieleza kuwa mama yake alimsikia Siti binti Saad kwa masikio yake, uani kwa watu, kabla sauti yake haijaenda kurekodiwa Bombay mwaka 1928, na kwamba wanawake wa Ng'ambo walimpenda kwa sababu aliimba mashauri ya mahakamani na mambo ya majirani, walijua anamsema nani.

Wanaume tukiulizwa mwaka tunasema "zamani". Kina bibi wanasema: mwaka aliokufa Seyyid Khalifa, mimba yangu ya pili, miezi saba. Basi ni 1960, huna haja ya kubahatisha.

Mtembezi wa Mji

Mimi kazi yangu kutembeza wageni, miaka kumi sasa. Natamani kungekuwa na kikundi cha namna hii nilipoanza. Nilifundishwa na wenzangu kusema Bububu imeitwa hivyo kwa mlio wa gari moshi, lile la kampuni ya Kimarekani lililokwenda mpaka kule tangu 1905. Nimewaambia wageni mamia. Siku moja mzee wa Bububu alinisikia, akaniita pembeni kwa upole, akaniambia: mwanangu, maji ya chemchemi ndiyo yaliyokuwa yakilia, reli imekuja jina lipo.

Mjukuu wa Ng'ambo

Mzee wako ana ushahidi juu ya reli. Salme binti Said, bintiye Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 anaitaja Bububu alikokuwa na nyumba. Miaka karibu ishirini kabla ya treni. La chemchemi tuandike "mzee wa Bububu amesema", mpaka tupate zaidi. Mrudie, kaka, mrekodi kabla hujalala leo.

Nimeahidi kueleza utaratibu. Daftari, penseli, simu mbili, moja ikizimika nyengine ipo. Ruhusa inaombwa kwanza, na inarekodiwa. Picha za watu hatuondoki nazo: tunazipiga palepale mwangani karibu na dirisha, tunamrudishia mwenyewe mkononi. Nyuma ya picha tunaandika kwa penseli, taratibu, si kalamu ya wino, wino unapenya. Na tafadhali msizitie picha kongwe kwenye plastiki ya moto, haitoki tena. Kila rekodi inakaa sehemu tatu, nyumba tatu tofauti. Na kubwa kuliko yote, msimulizi anapelekewa nakala yake. Alikuja mtafiti mmoja zamani, akakaa na wazee wetu wiki nzima, akaondoka na kila kitu, hata karatasi moja haikurudi. Wazee hawajasahau. Tulipoanza, ndilo la kwanza walilotuuliza: na nyinyi mtapotea?

Niko Maskati

Nasoma nikiwa kazini machozi yananitoka. Mama yangu ana umri wa miaka themanini na moja, kazaliwa Ng'ambo. Mna picha zozote za Michenzani ya zamani? Ziwekeni hapa.

Mjukuu wa Ng'ambo

Hapa hadharani siweki, dada, wenyewe na watoto wao hawajaridhia. Lakini ipo moja ambayo huenda mama akatusaidia. Wanawake saba mbele ya nyumba ya makuti, mwembe nyuma, mmoja kashika kinu. Nyuma haina maandishi. Tumeizungusha kwa kina bibi kumi na mmoja, wamewatambua watano. Nakutumia faraghani.

Niko Maskati

Nimemwonyesha. Alivaa miwani, akaivua, akaomba simu nimkaribishie. Wa pili kutoka kushoto ambaye hamkumjua, anasema ni jirani yao, ametaja jina lake na la mumewe, nimekuandikia pembeni. Kisha akasema kitu chengine: hapo si Michenzani. Anasema hapo ni Kisima Majongoo, nyumba ya shangazi yake, na kwenye mwembe ule alianguka akavunjika mkono. Kanionyesha mkono wenyewe, mfupa umekaa upande.

Mjukuu wa Ng'ambo

Subhanallah. Bibi wetu hapa ana yakini ni Michenzani, alituonyesha hadi mlango wa kwao.

Nimeandika yote mawili. "Bi wa kwanza amesema Michenzani. Bi wa pili, kutoka Maskati, amesema Kisima Majongoo, ana kovu la mkono." Jumamosi hii dada zetu watampelekea bibi wa hapa picha tena, na ukiweza, baada ya alasiri ya huku tuwapigie simu ya video wazungumze wenyewe. Walikuwa wasichana wa rika moja, mitaa jirani. Mwulize mama kama anamkumbuka yule wa saba, aliyeshika kinu, amefunika uso kwa kanga.

Niko Maskati

Nimemuuliza. Anasema asubiri amwone mwenzake kwanza, watamtaja pamoja. Jumamosi tupo.